Boila Haipimwi kwa Kibati Chake

Hotuba kwa mafundi wa maji moto, wenye nyumba za wageni, madobi na wapishi wa mashule, mjini Tanga. Imewekwa hapa nzima kwa ambao hawakufika. Michoro iliyooneshwa ukutani imeachwa.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, mafundi wenzangu, wenye gesti, madobi, wapishi, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha: asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Nina swali moja. Boila yako ina ufanisi wa asilimia ngapi?

Wengi mtakwenda nyuma ya boila, mtafuta vumbi kwenye kibati, mtasoma: 88. Sawa. Si uongo. Lakini hiyo 88 ilipimwa wapi, na katika hali gani? Ilipimwa kiwandani, kichomeo kikiwaka mfululizo na mzigo, yaani joto linalotakiwa na maji, ukiwa umejaa. Je, yako inafanya kazi hivyo? Ni saa ngapi kwa siku gesti yako inamimina maji moto vyumba vyote kwa pamoja? Dakika arobaini alfajiri, labda na nusu saa baada ya magharibi. Saa zote zilizobaki boila ipo tu. Ya moto. Inasubiri.

Na kusubiri kuna gharama. Hilo ndilo nililokuja kulisema.

Tuanze na kitu ambacho kila mtu humu ndani anakijua, hita ya umeme ya bafuni. Hita haina dohani, haina moshi, haina masizi. Karibu umeme wote unaoingia kwenye koili unageuka joto ndani ya maji. Kwa hiyo ufanisi wake ni asilimia mia, au siyo?

Tuseme kuna gesti kule Raskazone yenye vyumba 12, kila bafu na hita yake ya lita 50, zote zimewashwa usiku na mchana, maji nyuzi 60. Hita ya namna hiyo, hata bila mtu kufungua bomba, hupoteza takriban uniti moja kwa siku kupitia ubavu wake. Hita 12, uniti 12. Sasa mgeni anaoga. Anatumia lita 30 za maji ya uvuguvugu wa nyuzi 40, na maji ya bomba hapa kwetu yanaingia na nyuzi 27 hivi. Kupandisha lita 30 kwa nyuzi 13 kunakula karibu nusu uniti. Basi.

Siku ambayo wageni ni 3 tu, kila mmoja akioga mara mbili, maji waliyoyaoga yamekula uniti 3. Hita zimekula 15. Tatu kwa kumi na tano: asilimia 20. Siku ambayo gesti imejaa, wageni wawili kila chumba, maji yaliyoogwa yanafika kama uniti 22, na LUKU imeondoka na 34. Asilimia 65. Hita ni zilezile, koili ni zilezile, fundi hajagusa kitu. Kilichobadilika ni kazi iliyofanyika. Hasara haikubadilika hata kidogo, ilikuwa 12 siku ya wageni watatu na ikawa 12 siku ya kujaa.

Kwa wenye hita dawa ni rahisi, sitaikalia sana. Washa za vyumba vyenye watu tu. Lita 50 kutoka nyuzi 27 hadi 60 zinahitaji uniti 1.9, na koili ya wati 1,500 inazimaliza kwa saa moja na robo. Mgeni anaoga saa kumi na mbili asubuhi? Washa saa kumi na moja kasorobo, basi. Ila msipunguze moto wa hita hadi nyuzi 40 mkaacha maji yakae humo siku nzima kwa kubana matumizi. Maji ya uvuguvugu yaliyolala ni makazi ya vijidudu. Yapandishe hadi 60, halafu zima.

Sasa tuje kwenye boila yenyewe.

Tuseme kuna dobi mwenye boila ya maji moto ya dizeli. Kichomeo kinakunywa lita 10 kwa saa kikiwaka. Lita moja ya dizeli ina joto la karibu kilowati-saa 10, yaani zilezile uniti 10 za LUKU, kwa hiyo kikiwaka kinaingiza kilowati 100. Kati ya hizo, 12 zinatoka na moshi kwenye dohani. Zimebaki 88, ile namba ya kwenye kibati. Sasa ongeza hasara ya kukaa moto: ubavu wa boila, mabomba yasiyovalishwa, na hewa inayopanda dohani na kuondoka na joto hata kichomeo kikiwa kimezimika. Kwa boila ya miaka mingi ya ukubwa huo, tukadirie kilowati 5. Hizi tano hazijali kama unafua au hufui. Alimradi boila ni ya moto, zinaondoka.

Fuateni hesabu. Mzigo ukijaa, boila inawaka saa nzima: 88 toa 5, maji yamepata 83. Asilimia 83. Mzigo ukiwa nusu, yaani kilowati 41.5 tu, kichomeo kinawaka dakika 32 katika saa na ufanisi unakuwa kama 79. Umeshuka kidogo sana, hata risiti ya mafuta haitakuonesha. Mzigo ukishuka hadi kilowati 17, unapata 68. Na mzigo ukiwa kilowati 5, mashine mbili zinafua mashuka machache tangu asubuhi, unapata 44. Zaidi ya nusu ya dizeli yako inapasha joto chumba cha boila na anga ya Tanga, ambayo tayari ina joto la kutosha.

Mmeona umbo lake? Kutoka mzigo kamili hadi nusu, mteremko ni mpole. Kutoka robo kwenda chini, ni korongo. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na boila miaka kumi asilione tatizo: kila fundi akija kupima, boila inawashwa kwa nguvu zote ili ipimwe, na ikiwaka kwa nguvu zote ni nzuri.

Kwa hiyo mtu anayekuuzia boila kubwa zaidi “kwa usalama” anakuuzia korongo. Na hapa pwani kosa hili linafanyika kirahisi, kwa sababu vitabu vingi vya kukadiria ukubwa vimeandikwa kwa nchi za baridi. Uingereza wakati wa baridi maji ya bomba huweza kuingia na nyuzi 8. Kuyafikisha 40 ni kuyapandisha nyuzi 32. Sisi tunapandisha 13. Fundi anayenakili jedwali la kitabu bila kulitazama anaweka boila kubwa zaidi ya mara mbili ya inayohitajika, na hapo bado hajaongeza ya usalama.

Wageni 20, kila mmoja lita 40 za nyuzi 40: hizo ni lita 800, na joto lake ni kama kilowati-saa 12. Ukiwa na tenki la lita 500 lililovalishwa vizuri, boila ya kilowati 15 inakutosha na kusaza. Nendeni mkatazame zilizofungwa.

Jambo linalofuata ni muda wa kuwaka, na hapa naomba mafundi mnisikilize kwa makini, kwa sababu ni kazi ya bisibisi tu, haihitaji kununua boila mpya.

Tukumbuke dobi wetu, mzigo kilowati 17. Boila ina lita 300 za maji na chuma kama kilo 400. Thamostati imewekwa na tofauti ya nyuzi 5: inawasha kwenye 75, inazima kwenye 80. Kupandisha maji hayo na chuma hicho kwa nyuzi 5 ni kilowati-saa 2. Kichomeo kinawaka dakika moja na sekunde hamsini hivi, kinazima. Dakika tano na nusu baadaye kinawaka tena. Mara nane kwa saa. Mara 190 na zaidi kwa siku ya saa 24. Waja leo waondoka leo!

Na kila kikitaka kuwaka, nini kinatangulia? Feni. Inapuliza hewa baridi ndani ya boila kabla cheche haijaruka, tuseme sekunde 15, ili kutoa mvuke wa mafuta uliobaki usije ukalipuka. Ni ya usalama, msiiguse. Lakini hewa ile inapita kwenye chuma cha moto na kutoka na joto. Sekunde 15 mara 190 ni zaidi ya dakika 47 kwa siku za kupooza boila kwa makusudi. Juu ya hapo, sekunde za kwanza za kila moto ni chafu: nozeli, kile kipua kinachonyunyiza mafuta, haijashika mnyunyizo wake, tanuri limepoa, masizi yanaganda kwenye kuta. Masizi yakikaa, joto haliingii kwenye maji, linapanda dohani. Kanuni ya fundi ni kwamba kila joto la moshi likipanda nyuzi 20 hivi juu ya lilivyokuwa boila ikiwa safi, umepoteza asilimia moja ya mafuta. Tobo moja kwenye dohani na kipimajoto cha kufika nyuzi 400 vitakwambia lini usafishe, bila kubahatisha.

Sasa badilisha tofauti ya thamostati kutoka nyuzi 5 iwe 15. Inawasha kwenye 65, inazima kwenye 80. Kichomeo kinawaka dakika tano na nusu, kinapumzika dakika kumi na sita na nusu. Kuwaka kunashuka hadi mara 65 hivi kwa siku. Theluthi moja! Nozeli inadumu, masizi yanapungua, na wastani wa joto la boila umeshuka kwa hiyo hasara ya ubavuni nayo imepungua. Umetumia bisibisi.

Hatua ya pili ni nozeli. Nozeli ya galoni 2.25, na hizo ni galoni za Kimarekani kwa saa, zinapimwa kwa shinikizo la baa 7. Ukiiendesha kwa baa 10 inatoa lita 10 na ushee. Weka ya galoni 1.50, kwa baa hizohizo 10 utapata lita 6.8. Moto mdogo, muda mrefu, na moshi unatoka ukiwa umepoa zaidi kwa sababu eneo la kuta ni lilelile. Lakini sikilizeni: kwanza, usishuke chini ya kiwango cha chini kilichoandikwa na mtengenezaji wa kichomeo na wa boila. Pili, ukipunguza mafuta usipopunguza hewa, umeharibu badala ya kutengeneza, kwa sababu hewa ya ziada inabeba joto bure. Tatu, moshi wa dizeli ukipoa mno ndani ya dohani unatoa maji yenye tindikali, na dohani ya bati itatoboka. Joto la moshi lisishuke chini ya nyuzi 150 au 160 kwa boila ya kawaida. Anayebadilisha nozeli bila kipimo cha moshi mkononi aiache ilivyo.

Kuna swali ambalo najua linakuja, kwa hiyo nalijibu mapema. Usiku tuzime au tuache? Kuna msemo umeenea kwamba kuzima boila kunakula mafuta mengi kuliko kuiacha, kwa sababu asubuhi unaipasha upya. Je, ni kweli?

Tufanye hesabu kwa boila ileile. Ukiiacha saa 8 za usiku, hasara ni 5 mara 8, kilowati-saa 40, sawa na lita 4.5 za dizeli. Ukiizima, itapoa polepole: saa nne na kidogo baadaye imepoteza karibu theluthi mbili ya tofauti yake na hewa ya chumba, na alfajiri utaikuta kwenye nyuzi 36 hivi. Kuirudisha 80 kunahitaji kilowati-saa 18, lita 2. Umeokoa lita mbili na nusu kila usiku. Haiwezekani kuwa kinyume, kwa sababu kitu kinavyopoa ndivyo kinavyozidi kupunguza kasi ya kupoteza joto.

Lakini msemo ule haukutoka hewani. Reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 kuelekea Usambara iliendeshwa na injini za mvuke. Boila za namna ile zina chuma kinene na bamba zilizoungwa kwa ribiti, na moto wake hukokwa saa kadhaa kabla ya safari, taratibu, kwa sababu chuma kikipanuka kwa pupa kinavuja kwenye maungio. Boila kubwa za mvuke na zile zilizojengewa matofali bado zina tabia hiyo. Kwa hizo, kuacha moto mdogo usiku kuna maana, na fuateni kitabu cha mtengenezaji. Kwa boila ndogo ya maji moto ya gesti, hakuna maana. Zima. Ila asubuhi, kwa boila ya dizeli isiyo ya kunasa mvuke, usifungue maji yote mara moja; iache ipite nyuzi 50 kwanza, isije ikatoka jasho la tindikali ndani.

Nimetaja boila za kunasa mvuke, na zimeanza kuletwa, kwa hiyo neno kidogo. Wenzetu wa Uingereza wanapasha nyumba nzima kwa boila ya gesi, maji moto yanazunguka kwenye rejeta kila chumba. Tangu Aprili 2005 kule England na Wales boila mpya ya gesi ya nyumbani inatakiwa, isipokuwa kwa sababu maalumu, iwe ya kunasa mvuke: inaupoza moshi hadi mvuke uliomo unageuka maji na kuachia joto lake. Hilo hutokea tu kama maji yanayorudi kwenye boila yako chini ya nyuzi 55 hivi, na kadiri yanavyokuwa baridi ndivyo inavyonasa zaidi. Ukiirudishia maji ya nyuzi 65, una boila ya kawaida uliyoinunua kwa bei ya juu. Na ukiona kibati kimeandika asilimia 106, usishangae wala usicheke. Wamehesabu mafuta bila kuhesabu joto la mvuke, halafu wakahesabu joto la mvuke kwenye mapato.

Nao wana korongo lao. Boila ya kilowati 24 au 30 inawekwa ili mtu aoge bila tenki, lakini nyumba hiyohiyo, siku ambayo baridi si kali, inahitaji kilowati 3 tu za kupasha vyumba. Boila ikishindwa kushusha moto chini ya kilowati 5 au 6, inawaka na kuzima mchana kutwa. Sisi tuna bahati: hatupashi vyumba, na maji yetu yanaingia na nyuzi 27, baridi ya kutosha kunasa mvuke. Mkizifunga, maji mapya yapite kwenye boila kwanza, msiziweke kwenye nyuzi 80, na bomba la kutolea yale maji ya moshi liwe la plastiki. Ni machachu, yatakula bomba la chuma.

Wapishi na wenye boila za kuni, sijawasahau. Kuni haina thamostati. Mzigo ukipungua, mnafanya nini? Mnaziba hewa, kuni inafukuta. Hapo ufanisi unakufa vibaya kuliko wa dizeli, kwa sababu gesi ya kuni inatoka bila kuungua na kuganda dohanini kama lami nyeusi, na siku moja lami ile itashika moto. Kuni iwake kwa nguvu na kwa muda mfupi, joto likae kwenye tenki. Lita 1,000 kutoka nyuzi 40 hadi 85 ni kilowati-saa 52, yaani kilo 20 hivi za kuni kavu kwenye boila nzuri. Kavu, nasema. Kuni iliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 20 ina kilowati-saa 4 kwa kilo. Mbichi yenye nusu yake maji ina mbili na kidogo. Koka moto mmoja mkubwa asubuhi, uache ufe.

Na wenye sola juu ya paa: sola ikibeba mzigo wa mchana, boila iliyoachwa imewashwa nyuma yake inabaki na ile hasara ya kukaa moto na kazi karibu sifuri. Kwa hiyo sola inaifanya boila iwe mbaya zaidi, kama hukuiwekea saa ya kuizima. Iwekeeni.

Sasa kipimo, na kila mmoja anaweza kukifanya wiki hii. Usiku, watu wakishalala, funga koki ya maji moto inayokwenda vyumbani, acha boila na pampu ya mzunguko kama kawaida. Chovya kijiti kwenye tangi la mafuta, weka alama. Baada ya saa 8 chovya tena. Tangi likiwa pana kijiti hakitaonesha kitu, kwa hiyo hesabu kwa simu jumla ya sekunde za kichomeo kuwaka katika saa mbili, zidisha kwa lita za nozeli kwa saa, gawa kwa 3,600. Hayo ni mafuta ya kusubiri kwa saa mbili. Zidisha kwa 12, upate ya siku, ulinganishe na unayonunua.

Ikizidi robo, anza na mabomba. Bomba la inchi moja lililo uchi, maji nyuzi 80, linatupa wati 60 kila mita. Mita 20 ni kilowati 1.2, mchana na usiku, lita tatu na zaidi za dizeli kwa siku. Sufi ya kioo ya milimita 25 iliyofunikwa vizuri isiingie unyevu wa bahari inaondoa sehemu kubwa ya hiyo. Vali na flenji zivalishwe nazo, msiziruke. Halafu pampu ya mzunguko: iwekewe saa, haina kazi usiku wa manane. Halafu tofauti ya thamostati. Nozeli baadaye, na kipimo cha moshi. Boila ndogo mpya mwisho kabisa, hii ikichakaa.

Kitu kimoja kisiguswe katika kubana huku: vali ya usalama. Ikitiririka, sababu itafutwe. Isifungwe waya wala isizibwe. Na mtu asizibe dohani kwa bati kwa mkono ili joto lisitoke. Kizibo cha dohani kipo, kinajifungua chenyewe kabla kichomeo hakijawaka, na kisipofunguka kichomeo hakiwaki. Kama huna cha namna hiyo, acha dohani wazi.

Jedwali la nozeli na shinikizo liko pale mezani, chukueni. Maswali tuanze na wale waliosimama.